Filimbi Niliyoitia Ndani ya Treni

Alhamisi, tarehe sita ya mwezi wa kumi na moja. Tangu asubuhi mvua haijakata. Ukungu umekaa juu ya malisho, ng'ombe hawaonekani, tunasikia tu kengele zao.

Kosa ni langu. Ninaanza na hilo, juu nikianza mahali pengine nitajificha nyuma ya wengine, na siku ile wengine walikuwa wengi.

Ndugu musomaji, muntu alikufa kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza kwa furaha. Ningeweza kumuokoa kwa neno moja. Neno lile lilikuwa mudomoni mwangu. Nikalimeza!

Masomo yangu si mengi, niliacha shule vita ilipofika kwetu, basi munisamehe mahali maneno yatapinda. Mimi ni fundi wa radio na simu. Kiduka changu kiko kando ya barabara, katika kijiji kisicho mbali na Mweso. Jina la kijiji sitalitaja. Na langu pia.

Baba ya bibi yangu, baba mukwe wangu, ni muntu wa Walikale. Vita ilimutoa huko musituni, akafika kwetu akiwa amebebwa mugongoni. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufungwa, haoni. Ujana wake aliumalizia kwenye treni za muvuke, upande wa Kindu, kazi ya kutupa kuni ndani ya moto. Sisi hapa hatuna reli. Watoto wangu hawajaona treni, bibi yangu hajaona, mimi mwenyewe naijua kwa picha tu.

"Koko, treni inakula nini?" watoto walimuuliza.

"Inakula kuni, inakunywa maji, inatembea. Kama weye tu, lakini yenyewe hailii biskuti."

Nikaamua kumutengenezea. Nilikata kopo la mafuta likawa tumbo la treni, magurudumu nikachonga kwa muti, mota nikatoa ndani ya radio kaseti iliyokufa. Reli ilikuwa vyuma vya mwavuli, nimevipigilia misumari juu ya ubao murefu. Muzee aliipapasa yote kwa vidole, pole pole, akafika kwenye bomba la moshi.

"Mukwe, hii ni shimine ao ni shingo ya bata?"

Nikaipunguza. Akaipapasa tena, akakubali. Kisha akaweka sikio juu yake.

"Lakini ni nyamafu," akasema. "Treni bila sauti ni nyamafu, ni kitu kilichokufa."

Maneno hayo njo yaliniingiza katika kazi ya sauti. Rafiki yangu wa Goma alinitafutia sauti za treni kwenye internet, akanitumia ndani ya kadi ya memwari. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa na muziki juu yake, nikaitupa. Ya pili ilikuwa ya treni kubwa ya Wazungu, inagonga kengele.

"Kengele ya nini?" muzee akauliza. "Tunaenda kusoma misa?"

Ya tatu njo ilimufanya anyamaze. Ilipumua kweli, pfu, pfu, pfu. Nikafunga kadi ile kwenye kidude kidogo cha kusomea muziki, nikabandika sumaku mbili kwenye gurudumu, kila sumaku ikipita, treni inapumua. Nikaona nimefika.

"Inachechemea," akasema. "Gurudumu likizunguka mara moja, treni inapumua mara ine. Weye umeipa mapafu nusu."

Nikaongeza sumaku mbili. Spika ndogo nilikuwa nimeiweka ndani ya kopo, lakini bati likawa linatetemeka, sauti inakuwa ya nyuki. Nikaihamishia kwenye kigari cha nyuma, kile cha kubeba kuni, nikaifungia ndani ya kisanduku cha mbao kisicho na tundu. Hapo ikaanza kuwa na kifua. Nilikuwa na furaha kama mutoto! Nisidanganye, kazi ile niliipenda kuliko simu za watu wote waliokuwa wananingoja.

Ikabaki filimbi.

Ile iliyokuja na kadi ilikuwa nyembamba. "Hiyo ni filimbi ya mwalimu wa michezo," muzee akasema. "Yetu ilikuwa nene. Ilikuwa inaanzia tumboni mwa musitu."

Na mimi nilijua filimbi nene iko wapi. Kila muntu wa kijiji chetu aliijua.

Lazima nieleze hapa, tena nieleze kwa haki, musije mukawahukumu watu wa kwetu bila kujua. Mwaka moja kabla ya hayo watu wenye silaha waliingia kwetu kupitia bonde. Walikata nyumba sita za upande wa chini. Nasema walikata, juu walitumia panga, hawakutaka kuharibu masasi ya bunduki. Papa Bahati, jirani yangu, alikuwa ameenda kufunga ng'ombe. Aliporudi alimukuta bibi yake mulangoni na watoto wake wawili kitandani. Mimi njo nilimusaidia kuwafunika. Kichwa cha yule mudogo nilikishika kwa mikono miwili ili kikae mahali pake. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kisha tukajipangia. Papa Bahati alikata kipande cha bomba la maji la plastiki, akakitoboa, akakichonga mudomo, kikawa filimbi yenye sauti nzito inayovuka bonde mpaka kilima cha pili. Ikilia mara tatu, ndefu, wanamuke wanagonga sufuria, wanaume wanatoka na panga na fimbo, wanafunga barabara huku na huku. Na yeyote aliye barabarani anaketi chini palepale, mikono kichwani, mpaka apatikane anayemujua. Ukiketi, hauguswi. Ukikimbia, weye njo adui. Kila mutoto wetu anajua hivyo. Wapita njia hawajui.

Siku ya mazoezi, muchana, watu wote wakiwa wameambiwa mbele, nilisimama nyuma ya nyumba na simu yangu. Nikairekodi ile filimbi. Mara tatu, ndefu. Nikakata mwisho pale sufuria zinapoanza. Nikaitia ndani ya treni, na kitufe chake cha kubonyeza pembeni.

Bibi yangu aliisikia nikiijaribu kwa sauti ndogo. Akasimama na kijiko mukononi.

"Baba watoto, hiyo si ya muchezo. Watu wanaikimbilia na panga."

"Itakuwa ndani ya kisanduku. Hata jirani hataisikia."

"Tafuta ingine."

"Hakuna ingine yenye sauti hiyo."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini bibi yangu hakuniuliza kama iko ingine. Alinikataza.

Ikafika siku ya soko. Jua kali, watu wamejaa barabarani na makapu ya viazi na jibini. Nilimuleta muzee ndani ya kiduka, nikamukalisha, nikawasha treni juu ya ubao wake. Ikaenda, ikapumua mara ine kwa kila muzunguko. Alisikiliza mpaka mwisho wa ubao.

"Iko vizuri, mukwe. Asante." Kisha akajigusa kifuani. "Lakini ile ya kweli ilikuwa inaingia hapa. Hii inaishia masikioni."

Kiburi kikanipanda! Ndani ya kiduka changu kuna bafle kubwa, ninapiga nayo muziki wa kuvuta wateja. Nikachomoa waya wa spika ndogo, nikaunganisha treni kwenye ampli na bafle. Pumzi ya kwanza ikatikisa mabati ya paa. Muzee akasimama. Alicheka, machozi yanamutoka, na mikono yake ikaanza kutupa kuni ndani ya moto ambao sikuuona. Nilikuwa sijawahi kumuona hivyo tangu alipofika kwetu.

"Sasa filimbi!" akaita. "Mukwe, tunaingia sitasio, piga filimbi!"

Nimejiuliza mara nyingi kama nilisahau. Hapana. Sikusahau. Niliwaza: mara moja tu, muchana huu wote, nani atashituka? Nikabonyeza.

Ya kwanza ilipotoka nilijua nimeharibu. Kidude kile, ukikianzisha, hakisimami mpaka kimalize. Nikarukia waya. Nilipoung'oa, ya tatu ilikuwa imekwisha kutoka.

Halafu sufuria ya kwanza ikagongwa, upande wa chini, ya pili ikaitikia, kisha kijiji chote. Viazi vikamwagika. Wanamuke walibeba watoto kwa mukono moja. Watu wa kwetu wote wakaketi barabarani ao wakatoka na panga, kama tulivyojipangia, vizuri kabisa, hakuna aliyekosea.

Isipokuwa muntu moja. Alikuwa mbele ya kiduka changu, kijana, shati ya bluu, amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Aliona panga, akakimbia.

Hakufika mbali. Vijana walimuangusha kwenye mufereji, wakamuvuta kwa miguu mpaka katikati ya barabara. Papa Bahati alifika na mupini wa jembe.

"Weye ni nani? Unatoka wapi?"

"Lushebere, ku kambi ya wakimbizi, mukubwa. Ninapita tu! Niko na mugonjwa ku hospitali ya Mweso!"

"Juu ya nini ulikimbia?"

"Niliogopa! Bibi yangu alizala, mukubwa, ninapeleka chakula..."

"Ndani ya kitenge kuna nini? Kinaangaza!"

"Ni bombe!" muntu akapiga kelele nyuma. "Anabeba bombe!"

Pigo la kwanza lilimupata mudomoni. Niliona meno. Alijaribu kuketi, akaweka mikono kichwani, lakini sasa kuketi hakukusaidia tena.

Mimi nilikuwa nimesimama mulangoni. Waya wa bafle ulikuwa bado mukononi mwangu.

Muzee akanipita. Kipofu, bila fimbo, akagonga kizingiti, akaangukia magoti, akasimama, akaenda anafuata kelele. "Musimupige!" analia. "Musimupige! Ni treni! Ni treni imepiga filimbi!"

Watu wakageuka. Na moja akacheka, hata saa ile.

"Treni? Koko, imefika saa ngapi?"

"Tikiti ni wapi, tupande!"

"Ninawaambia ni treni! Iko ndani ya nyumba! Mumuulize mukwe wangu, ameitengeneza yeye. Mukwe! Uko wapi? Sema!"

Papa Bahati akaniangalia. Mupini ulikuwa juu. Nataka muelewe kwamba alingoja. Muntu aliyepoteza wote alisimamisha mukono wake, akaningoja mimi.

"Fundi, muzee anasema nini?"

Niliangalia panga. Niliona damu kwenye shati ya bluu. Nikawaza, nikisema ni mimi niliyepiga filimbi ya uongo siku ya soko, mupini huu unahama kichwa. Kijana alikuwa ananiangalia kwa jicho moja, lingine limekwisha kufunga. Alikuwa ameelewa kwamba neno liko kwangu.

Nikasema: "Baba amezeeka. Akili yake inaenda na kurudi."

Ee Mungu wangu! Kwetu mukwe hamukosoi baba ya bibi yake mbele ya watu hata akisema muchana ni usiku. Mimi nilimufanya mwenda wazimu barabarani.

Mupini ukashuka. Kisha fimbo, kisha mateke, kisha upande butu wa panga, kisha upande mwingine. Jiwe la kuzuia gurudumu la gari, kubwa, watu wawili walilibeba. Alimuita mama yake, kisha akaita jina moja ambalo nilikuja kujua ni la bibi yake. Mwisho alikuwa anatoa sauti tu, na sauti ile, munisamehe, ilikuwa kama ya treni yangu ikikosa umeme. Pfu. Pfu. Muzee alikuwa amekaa chini kando yao, ameziba masikio. Damu ilimurukia mpaka kwenye ndevu.

Papa Bahati njo alifungua kitenge. Ndani kulikuwa na thermosi ya chuma. Ilikuwa imepasuka. Uji ulimwagika juu ya barabara, mweupe, bado unatoa muvuke. Na kofia ndogo ya sufu, ya mutoto muchanga.

Wanamuke wakaacha kugonga sufuria, moja moja.

Siku ya pili watu wa kambi walikuja kuchukua mwili. Jina lake ninalijua. Siandiki, juu bibi yake anaishi. Watu watasema alipigwa juu ya kabila yake, na kwa haki nikubali kwamba kuna waliopiga kwa moyo huo. Wengine walipiga kwa woga. Wengine walilia usiku ule, niliwasikia. Lakini wote waliitwa na mimi.

Siku ya Mungu, kanisani, muhubiri alishukuru kwa ajili ya filimbi iliyolia bila muntu. Juu Papa Bahati alikuwa ameapa kwamba yake ilikuwa imetundikwa ukutani, na watu waliiona hapo. Wengine walisema malaika. Adui walikuwa bondeni siku ile, wakasema, wakasikia filimbi wakarudi. Tuliimba. Na mimi niliimba!

Papa Bahati hakuimba. Wiki iliyofuata alikuja kidukani, akaketi kwenye kiti kile cha muzee.

"Fundi, weye unajua mambo ya sauti. Ni nani alipiga ile filimbi?"

"Sijui, Papa Bahati."

"Nilimupiga wa kwanza juu filimbi ililia. Kama hakuna muntu aliyeipiga, basi mimi nilimupiga juu ya nini?"

Nikajifanya natafuta bisibisi. Alingoja tena, kama alivyoningoja barabarani. Kisha akainuka, akaenda. Sasa anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi, na filimbi amemupa muntu mwingine.

Treni niliivunja kwa nyundo, bafle nikaiuza. Nilinunua mbuzi, nikaipeleka kwa baba mukwe, faini ya lile neno, kama desturi inavyotaka. Aliipapasa masikio, akaipapasa mugongo, akasukuma kamba kurudi kwangu.

"Mimi hukuniua. Ipeleke kwa mwanamuke wa uji."

Niliipeleka. Nilifika Lushebere, nikamuona kwa mbali mbele ya hema, mutoto mugongoni, anapepeta maharagi. Nikamupa muntu mwingine kamba amupelekee, nikasema imetoka kwa wakristo. Nikarudi. Muone namna nilivyo!

Tangu siku ile muzee haniiti tena mukwe. Ananiita fundi. Hajataja treni tena. Watoto wakimuuliza treni inakula nini, anasema amesahau.

Basi weye unayesoma, kama mikono yako inajua kutengeneza, nakuomba, usichukue sauti ambayo watu wameiwekea damu ukaifanya pambo. Hata kama hakuna nyingine nzuri kama hiyo. Afadhali treni yako ilie kama kifaranga. Na ukikosea, sema palepale, mukono ukiwa bado juu! Usingoje kuona kama utapigwa. Mimi sikupigwa hata kofi. Niko muzima, nakula, na kila mara filimbi ya kweli inapolia ninabaki mulangoni, sijui kama niketi ao nikimbie.

Sijui kama kuandika hivi ni kuungama ao ni kujificha mara ingine. Muchana huu, mvua ikinyesha, bibi yangu alimusomea baba yake karatasi hii mpaka pale treni inapovunjwa. Muzee alisikiliza, uso kwenye ukuta.

"Ameweka jina?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Na Papa Bahati ameambiwa?"

Bibi yangu akaniangalia mimi. Nyumba ya Papa Bahati iko hatua chache kutoka kwetu, moshi wake ninauona kwa dirisha. Nilivaa koti. Nilifika mpaka kwenye uzio wake, mvua inanipiga. Alikuwa amekaa barazani peke yake, chupa kati ya miguu, akaniona.

"Fundi! Ingia, unalowa!"

Nikaingia. Nilimuambia. Nilimuambia yote, bafle, waya, muzee, neno langu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Mupini wa jembe ulikuwa umeegemea ukuta, karibu na mukono wake, na nilijua uko hapo. Hakuushika.

"Basi filimbi ilipigwa na muntu," akasema. "Haya. Kesho asubuhi tutaenda Lushebere, weye na mimi. Utasema pale mbele yake, na mimi nitasema yangu. Sasa toka kwangu."

Sijui kesho itakuwaje. Watu wa kambi wana haki ya kutufanya wanavyotaka. Naiacha karatasi hii kwa bibi yangu, aitume kwenu mimi nikirudi ao nisiporudi.

Usiku huu tumekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki kidogo za chumvi. Muzee alikula kwenye sahani moja na watoto. Bibi yangu amepika uji pia, mara ya kwanza tangu siku ile. Hatukuugusa. Umo ndani ya thermosi, mulangoni, kwa ajili ya asubuhi.